Kumfuata Mwanika Kahawa Hadi Murongo

Tangu turudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, kisimani, kwenye mlango wa kanisa, na wengine mnatuma watoto kuomba moto ili wasikilize nasema nini. Kila mmoja nimempa kipande, na sasa vipande vimekutana huko njiani na kugombana. Dorika ameambiwa nilikwenda Uganda. Sikwenda. Mke wa mwalimu amesikia nilimwona mume wangu. Hilo si kweli, wala si uongo wa kukataa moja kwa moja, na ndiyo sababu nimeona heri niandike yote kwa mpango. Anayejua kusoma awasomee wenzake. Yapo ambayo sikuyaelewa yalipotokea, na hata sasa siyaelewi. Nitayaandika vilevile.

Rugu

Mnajua kwamba mume wangu Zakaria alikwenda Buganda kulima mashamba ya watu, kama wanaume wengi wa huku, akasema atarudi kabla mtama haujavunwa. Mtama ukavunwa, ukapandwa tena, ukavunwa tena. Kisha akapita msafiri mmoja, akasema amesikia kwa mtu aliyesikia kwamba Zakaria wa Rugu amekufa kwa homa. Hakuna aliyeliona kaburi. Tulilia, lakini tulilia kama watu wanaoogopa kuchekwa baadaye.

Shemeji yangu Petro, mkubwa wa Zakaria, alivumilia muda mrefu, sitamsema vibaya. Mwisho akatamka kwamba kahawa za msimu huu zikishavunwa, matanga yatamalizwa, kibanja chetu na mibuni yake kitagawanywa, nami nitarudi kwa baba yangu, kwa kuwa sikuzaa. Mama mkwe wangu, Kokuhirwa, alikuwapo. Aliendelea kumenya ndizi. Mimi na yeye tulikuwa tukiishi kwa adabu: nampikia, ananishukuru, kila mtu anakwenda kulala. Sikumtegemea anitetee.

Ndipo likaja gari la sinema. Wengi wenu mlikuwapo. Walifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa kanisa, na giza lilipoingia watu walikuwa wamejaa hata nafasi ya kuweka mguu haipo. Sisi tulichelewa kwa ajili ya mbuzi aliyekata kamba, tukakuta mbele pamekwisha, tukazunguka tukaketi nyuma ya shuka. Picha ilionekana hata huko. Hakuna aliyetuambia kwamba shuka lina mbele na nyuma.

Mnakumbuka ilikuwa habari ya kahawa, jinsi ya kuichuma na kuianika, na wazee wakanung'unika kwamba wameitwa kufundishwa kahawa, watu waliozaliwa chini ya mibuni. Katikati akatokea mwanamume mmoja amesimama kwenye kichanja cha kuanikia. Anachambua punje mbovu, anazitupa. Kuku anaruka kichanjani, yule bwana anamfukuza kwa kofia, anacheka, anafuta jasho kwa bega, anatoka kwenye shuka. Basi. Ukipiga chafya humwoni.

Mama mkwe alinishika kifundo cha mkono.

“Ni Zakaria.”

Mtu yule alichambua kahawa kwa mkono wa kushoto, na Zakaria hutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Alichapwa sana utotoni kwa ajili hiyo na hakubadilika. Lakini mimi moyo wangu ulisema siye. Zakaria hacheki meno yote yakaonekana. Nikamwambia mama hivyo. Akajibu kwamba mtu aliyeko ugenini anaweza kujifunza kucheka.

Asubuhi gari lilikuwa limekwisha kuondoka kuelekea Kiruruma. Mama alifunga ndizi za kuchoma na maharage yaliyochemshwa, akanipa mzigo.

“Tunakwenda kumwangalia tena,” alisema.

Petro alitukuta mlangoni. “Mama, mnakwenda kufuata picha mliyokwisha kuiona?”

“Mkeo nawe ulikwisha kumwona,” mama akamjibu, “mbona jana ulirudi nyumbani?”

Kiruruma

Njia ya Kiruruma inapita kwenye migomba karibu yote, kwa hiyo jua halikutusumbua. Kilichotusumbua ni ukimya. Hatukuzoea kutembea pamoja mimi na mama, na kila mmoja alikuwa akimngojea mwenziwe atoe neno.

Tulipofika tulipokewa na mzee wa kanisa na mkewe. Nikawaamkia, “Shikamoo baba, shikamoo mama,” wakaitikia marahaba, wakatuletea kahawa za kutafuna, halafu ndizi na maharage, na samli juu yake. Walipoona mama mkwe na mkaza mwana wamebeba mizigo, hawana mwanamume, na hawaangaliani, wakadhani wamekwisha kuelewa. Mama mwenye nyumba akanivuta jikoni akaniambia ndoa ni mwiba, nirudi nikaombe radhi kabla sijafikishwa kwa wazazi wangu. Nikamwambia hatuendi kwa wazazi wangu, tunakwenda kwenye sinema. Akanihurumia zaidi. Sebuleni, nilikuja kujua, mzee alikuwa akimsihi mama mkwe anisamehe kosa langu, lolote lile, na mama, badala ya kueleza, alikuwa akijibu, “Nitafikiri.”

Jioni tulitangulia uwanjani tukaketi mbele kabisa, karibu na mtu aliyekuwa akieleza picha kwa pembe la kupaazia sauti. Huyo alikuwa Bwana Anselmi, mtu mwembamba wa upande wa Bukoba, mwenye koti lililomzidi. Kule Rugu alikuwa ameeleza kwamba mwanika kahawa ni mlevi aliyetubu. Sasa akasema ni mtoto wa chifu asiyeona haya kufanya kazi kwa mikono. Nikadhani ni picha nyingine. Lakini kichanja kilikuwa kilekile, na kuku yuleyule.

Na yule bwana alikuwa akichambua kwa mkono wa kulia.

Nilimsikia mama akivuta pumzi. “Wamemgeuza,” alisema.

Mimi sikuutazama mkono sana, kwa sababu tulikuwa karibu na nilimwona jinsi anavyofuta jasho. Anainamisha kichwa, analeta bega juu kukutana nalo shavu, kama mtu anayemsikiliza ndege begani. Hivyo ndivyo Zakaria alivyokuwa akifanya alipokuwa akipalilia. Nilikuwa nimesahau kabisa, na sasa nimeona, na machozi yakanitoka mbele ya watu wa Kiruruma. Yule mama mwenye nyumba akanipapasa mgongo akasema, “Lia, mwanangu, atakusamehe.”

Kesho yake njiani tuligombana kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mama alisema siye, mkono si wake. Mimi nikasema ndiye, bega ni lake. Juzi ilikuwa kinyume chake. Tulitembea mpaka jua likawa kali, kila mmoja ameshika maneno ya mwenziwe ya juzi.

Mbugani

Gari lilikuwa linakwenda Rubwera. Mtu mmoja akatuonyesha njia ya mkato, na mkato huo ukatutoa kwenye migomba ukatutupa kwenye majani matupu, hakuna mti wala mtu wa kuuliza njia. Tulikuta boma la wafugaji jua likiwa limeanza kuteremka. Mwenye boma, Mzee Kabagambe, alikuwa na msalaba wa mbao shingoni na Kiswahili kidogo.

Nikamweleza kwamba tunafuata gari la sinema. Uso wake ukabadilika. Alimwita mkewe, wakasemezana, na ghafla watoto wote waliokuwa uani wakaondolewa na kufichwa kwenye majani marefu. Tukabaki tumesimama na mizigo yetu, hatujui tumekosa nini. Baadaye sana, mama alipoonyesha kwa mikono shuka na mwanga na kuku, mzee akacheka mpaka akaketi chini. Alikuwa amesikia “gari la sindano”.

Basi tukawa watu wema. Mkewe akaleta maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na harufu yake ilinifanya nisahau miguu. Kabla mama hajapeleka mdomoni, yule mwanamke akauliza tumekula nini leo. Mama, kwa kujivuna, akasema tumekula maharage mazuri ya shambani kwake mwenyewe. Kibuyu kikaondolewa mikononi mwake kwa upole. Mama aliona ametukanwa. Alikaa amekunja midomo, mpaka mzee akatueleza kwamba maziwa na maharage hayakutani tumboni, kwani ng'ombe walioyatoa wataugua. Asubuhi, matumbo yetu yakiwa matupu, tutapewa mengi kuliko tuwezavyo.

Jioni hiyo ng'ombe waliporudi, mzee alisimama kati yao akawaimbia sifa, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, maneno yenye kwenda mbio kama maji. Mkewe aliniambia huyaimba hayohayo kila jioni tangu alipomwoa. Nikamwuliza mzee kama hachoki.

“Siku moja nilikuwa na homa nikaruka sehemu,” alisema. “Yule mwekundu pale alikataa kulala. Ikabidi nirudie.”

Mama aliyasikia hayo akamtazama mzee kwa heshima ambayo hakuwa amemwonyesha kabla.

Rubwera

Rubwera tuliingia na mvua. Sinema haikuonyeshwa. Gari lilikuwa limezama kwenye tope hadi kwenye ekseli, dereva yuko chini yake akizungumza na Mungu, na Bwana Anselmi ameketi kwenye mlango wa duka lililofungwa, koti limemganda. Alitutambua.

“Nyinyi nimewaona Rugu,” alisema. “Nikawaona na Kiruruma. Mnauza nini?”

Mama akamwambia hatuuzi kitu, tunamtaka yule mwanika kahawa. Akamweleza habari yote, ya Zakaria, ya homa, ya matanga na ya kibanja. Bwana Anselmi alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema hajui picha ile ilipigwa nchi gani. Yeye hupewa mkebe wa bati, ndani mna utepe, basi.

“Lakini ulisema ni mtoto wa chifu.”

“Nilisema, mama.”

“Na ulisema ni mlevi.”

“Nilisema.”

“Yupi kweli?”

“Mama, simjui. Natunga.”

Nikamwuliza habari ya mkono. Hapo akachangamka. Alichukua karatasi iliyokuwa imefungia sabuni, akaiinua kuelekea mwanga, akaniambia nisome maandishi kwa mbele, halafu kwa nyuma. Kwa nyuma herufi zote zilikuwa zimegeuka. Nikaelewa mara moja. Kule Rugu tuliketi nyuma ya shuka. Mtu yule ni wa mkono wa kulia, siku zote amekuwa wa mkono wa kulia.

Mama alikataa. “Kwa hiyo mimi nikikupita nyuma, mkono wako wa kulia unakuwa wa kushoto?”

“Hapana, mama, mtu ni tofauti na picha.”

“Mtu yule ni mtu.”

“Ndiyo, lakini…” Bwana Anselmi aliitazama karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. Nafikiri kwa muda kidogo naye alipotea.

Mvua ilipopungua tulisukuma gari pamoja na watu wa pale. Mama alisukuma kwa mgongo, kama anavyofungua mlango akiwa na mtungi. Lilipotoka topeni, Bwana Anselmi hakuweza tena kutuacha tutembee. Tulipandishwa nyuma, kati ya mashine na mikebe. Barabara ya Kaisho haina huruma, lakini mama alilala, kichwa juu ya mkebe wa ile picha ya kahawa. Nilimtazama nikashindwa kujua nimwamshe ama nimwache.

Kaisho

Kaisho watu walikuwa wengi na wachangamfu, wamekwisha kunywa pombe ya rubisi kiasi. Tulipanga na mama kwamba yeye aketi mbele nami niketi nyuma, halafu tukutane tulinganishe. Mpango ulikuwa mzuri lakini haukutusaidia. Kwa nyuma nilimwona Zakaria wa mkono wa kushoto, mzima kabisa, na nilijua ni uongo wa shuka, na bado moyo ulipiga.

Mbele huko kukatokea jambo. Bwana Anselmi, sijui kwa uchovu au kwa kuona watu wamelewa, akaanza kueleza kwamba mwanika kahawa ni mwizi, na yule kuku ameibwa kwa jirani. Mama akasimama. Kivuli chake kikaingia kwenye picha, kikubwa, na leso yake kichwani.

“Juzi hukusema hivyo,” alisema.

“Keti, bibi,” watu wakapiga kelele.

“Yule si mwizi. Nimetoka Rugu, nimemwona mara nyingi kuliko nyinyi. Kuku ni wake, ndiyo maana anamfukuza huku anacheka. Nani hucheka na kuku wa wizi?”

Mzee mmoja akasema bibi ana haki. Bwana Anselmi akashusha pembe lake, kisha akalipandisha, akaeleza upya kwamba huyu ni mkulima tu, na kuku ni wake. Mama akaketi. Na tangu hapo, kila kitu kilichokuwa kinakuja mama alikitaja kabla hakijafika: sasa anakuja mwanamke na kikapu, sasa mvua, sasa wanakimbia kufunika. Majirani zake wakawa wanamtazama yeye kisha shuka, yeye kisha shuka, na kufurahi mara mbili.

Baadaye tulikula naye Bwana Anselmi, ndizi na senene, wale panzi waliokaushwa, alivyopewa na watu wa pale. Alikuwa mnyonge.

“Mama, mimi nikisema yaleyale kila jioni nitakauka. Nyinyi hamchoki?”

“Wewe hukai kuitazama,” mama alimwambia. “Unawatazama watu kama wanakutazama.”

Akainamia chakula chake. Mimi nilikuwa nimeona kitu jioni ile. Nyuma ya kichanja cha kahawa kuna nyumba, na mlangoni pa nyumba ile amesimama mwanamke. Anamtazama yule bwana anavyocheka, anaingia ndani. Nilikuwa nimeitazama picha ile Rugu na Kiruruma na sikumwona kabisa. Alikuwapo muda wote. Inanijia hivyo na nyimbo za kanisani. Unaimba ubeti tangu utotoni, mdomo unajua njia peke yake, kisha siku moja kwenye maziko neno moja linafunguka na unashangaa limekuwa likisema hivyo miaka yote. Mimi nilikuwa nimekwenda kumtafuta mwanamume mmoja, na sasa nilitaka kujua yule mwanamke aliingia ndani kufanya nini.

Murongo

Murongo ndipo mwisho wa safari ya gari. Mbele kuna mto Kagera, na ng'ambo ni Uganda. Wanaume huvuka huko na huko kwa mitumbwi, wengine wakienda kutafuta kazi, wengine wakirudi na baiskeli na magodoro mabegani. Mama aliketi kivukoni tangu asubuhi. Kila aliyeteremka alimwuliza, “Mwanangu, huko utokako humjui Zakaria wa Rugu?” Wengi walimpita. Wengine walimjibu kwa heshima kwamba Buganda ni kubwa.

Alipofika mtu mmoja aitwaye Felisiani, wa vijiji vya Isingiro, mwenye blanketi jipya la mistari, alisimama.

“Zakaria gani? Yule wa mkono wa kushoto?”

Nikaitika mimi.

“Nimelima naye,” alisema Felisiani. “Hakuna aliyekubali kulima karibu naye. Jembe lake lilikuwa likija kwa upande usioutazamia. Mimi ndiye niliyekubali, na ushahidi huu hapa.” Akatuonyesha kovu kwenye mguu.

“Alikufa lini?” mama akauliza.

“Nani amekufa? Nimemwacha mzima. Amenenepa. Amepata kijishamba upande wa Masaka, ana mke na watoto, ameanza hata kufuga nywele.” Kisha akatutazama vizuri, mmoja kisha mwingine, nadhani akaona leso yangu na uso wa mama, na akaanza kupunguza sauti. “Nyinyi ni watu wake?”

“Mimi ni mama yake. Huyu ni mkewe.”

Felisiani aliteremsha blanketi chini. Alikaa muda akilikunja, ingawa lilikuwa limekunjwa tayari.

“Mama, aliniambia nikikutana na watu wa Rugu niwape ujumbe. Sikuwa na nia ya kuufikisha.”

“Sema.”

“Alisema wasimngojee. Wamhesabu amekufa.”

Mama alimshukuru. Akampa zile ndizi za kuchoma zilizobaki, akamtakia safari njema. Mimi nilibaki nimesimama nikitazama maji. Najua mnataka kujua nilihisi nini. Nilikuwa na mume aliye hai, na nilikuwa mjane kwa amri yake mwenyewe. Nilitaka kumlilia na hakufa. Nilitaka kumkasirikia, lakini hasira inahitaji sura, na kila nilipoitafuta sura yake nilimwona yule bwana anafukuza kuku. Na yule bwana hakunikosea kitu.

Niliosha nguo zetu mtoni, nikafunga mizigo kwa ajili ya kuondoka alfajiri. Jua lilipoanguka niliwasikia wakipigilia nguzo za shuka. Mama akainuka, akajifunga vizuri.

“Twende tupate nafasi ya mbele,” alisema.

“Mama,” nikamwambia, “siye. Umesikia mwenyewe. Siye kabisa.”

“Najua siye. Nataka kumwona.”

Tukaenda. Tuliketi mbele, mabega yamegusana kwa sababu watu walikuwa wengi. Bwana Anselmi alieleza picha kwa utaratibu, hakuongeza mlevi wala mwizi, na alipofika kwa mwanika kahawa alitutazama akanyamaza, akaiacha picha ipite bila maneno. Mtu yule alichambua kwa mkono wake wa kulia. Kuku akaruka. Akacheka kwa meno yote. Nilikuwa nikijua kila kitakachofuata na sikuogopa hata kimoja, na kwa siku ile hilo lilikuwa pumziko kubwa. Mwanamke akasimama mlangoni. Nikamwonyesha mama kwa kidole.

“Yule ni mkewe,” mama akasema.

“Anaingia kufanya nini?”

Mama akafikiri. “Ameacha kitu jikoni.”

Kurudi Rugu

Tulirudi kwa barabara kubwa, hatukutaka tena mikato. Njiani tulizungumza, na wale waliotukaribisha mara ya kwanza pale Kiruruma walimshukuru Mungu kwamba tumepatana.

Petro aliwaita wazee wa ukoo. Tuliketi uani kwake, tukapewa rubisi, mama akanywa kidogo, akasema, “Zakaria yu hai. Ana shamba na mke na watoto huko Buganda. Ametuma neno kwamba tumhesabu amekufa.”

Wazee waliguna. Petro akasema polepole, “Basi, mama, kama mwenyewe amesema hivyo, tumalize matanga.”

“Mimi nilizaa mtu,” mama alisema, “sikuzaa neno. Mtu aliye hai siwezi kumfanyia matanga, ni kumroga. Na kwa kuwa hakuna matanga, hakuna cha kugawa. Eunike huyu atakaa kwenye kibanja cha mumewe. Siku Zakaria akitaka kumwondoa, aje mwenyewe, apite mlangoni kwangu, anieleze.”

Walibishana mpaka kivuli kikavuka ua. Mmoja alisema mume akioa kwingine na kukataa kurudi, mke ni huru kwenda. Mwingine akasema ni huru kwenda lakini si lazima aende. Petro akanigeukia mimi, na kwa kweli hakuwa na ubaya, alikuwa amechanganyikiwa kama sisi sote.

“Na wewe, shemeji? Unamhesabu yu hai au amekufa?”

“Sijui,” nikasema. “Lakini kahawa zimeiva.”

Hapo kikao kikavunjika. Nimebaki kibanjani, mnaniona. Mchungaji ananiambia niko ndoani, binamu yangu ananiambia siko, na mimi asubuhi naamka nikachume. Wanaoniuliza kama nitaolewa tena nitawajibu nikishajua kama nimeolewa.

Ila jambo moja linanisumbua, na nimelieleza kwa mama tu. Siku hizi nikifumba macho nimkumbuke Zakaria, simpati. Anayekuja ni yule wa kwenye shuka, na kofia yake. Nilimwambia mama jana tulipokuwa tunaanika, nikadhani atanikaripia. Akasema hata yeye, kwa mwana aliyemzaa, ni hivyohivyo.

“Tufanyeje?” nikamwuliza.

Aliendelea kusambaza kahawa kichanjani kwa viganja vyote viwili.

“Tumwache aje,” alisema. “Huyu akitoka kwenye shuka, kesho yake anarudi.”